Injini Inayomisi kwa Makusudi

"Mama, inamisi hiyo!"

Dereva wa bodaboda alikuwa amezima pikipiki yake barabarani ili asikilize vizuri, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa pole msibani. Tulikuwa uani kwa fundi, mtaa wa nyuma ya soko la Mwanjelwa, Jumamosi asubuhi. Injini iliyokuwa mbele yetu ilipiga pa! mara moja, kisha ikanyamaza huku flaiwili zake mbili, yale magurudumu mazito ya chuma, zikiendelea kuzunguka, fwu, fwu, fwu, fwu, mpaka ukakata tamaa nayo, halafu pa! tena. "Plagi hiyo," alisema. Abiria wake akakataa, akasema ni petroli iliyochanganywa na maji. Mama wa genge la jirani, ambaye naamini hajawahi kushika spana, alisema kwa uhakika kuliko wote kwamba injini ina pumu.

Fundi hakumjibu yeyote. Alikaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, mikono magotini, kama babu anayemsikiliza mjukuu akisoma kwa mara ya kwanza. Huyu ni mtu aliyetumia zaidi ya miaka 40 kuondoa misi kwenye injini za watu. Gereji zote za Mbeya zinajua kwamba misi, yaani silinda kuruka zamu yake ya kupiga, ni ugonjwa. Gari linatetemeka likiwa limesimama, linakunywa mafuta, halipandi mlima. Unakagua plagi, koili, nozeli, nyaya, hadi umpate mgomaji. Na sasa alikuwa amekaa mbele ya injini iliyoundwa imisi.

"Hii ikiacha kumisi wakati haina kazi, mwalimu," aliniambia, "usiniulize kitu. Tukimbie."

Mapenzi yangu ya injini hayakuanzia Mwanjelwa. Nimelelewa na mashine ya kusaga, Kilolo, huko juu ambako ukungu wa Juni ukishuka humwoni ng'ombe uliyemshika kamba. Baba alikuwa na dizeli ya silinda moja ya mtindo wa Lister. Lister wenyewe walikuwa Waingereza wa Dursley, na dizeli zao za aina hiyo zilienea duniani kuanzia miaka ya 1930. Ya kwetu ilikuwa mtoto wa kambo: ilitoka Rajkot, India, ambako mafundi waliiga umbo lile mpaka hendeli. Flaiwili mbili, mizunguko 650 kwa dakika, mkanda bapa mrefu uliopita dirishani hadi kwenye kinu. Baba alifunga kopo tupu mdomoni mwa bomba la ekzosi, na hilo ndilo lilikuwa tangazo lake la biashara. Kopo likilia, akina mama wa vitongoji vitatu walijitwisha madebe.

Dizeli ile haikuwa na misi hata kidogo. Tuku-tuku-tuku-tuku, kila pigo na dozi yake, gavana, yaani kidhibiti mwendo, ikiongeza au kupunguza mafuta yanayodungwa. Mahindi yakimiminwa kinuni ilikoroma. Kinu kikibaki kitupu sauti ikawa nyepesi. Baba alikuwa na maneno mawili tu kwa hali hizo: "inakula" na "haijala". Aliweza kuwa nyumbani anakunywa ulanzi na wenzake, akakatiza hadithi katikati na kumtuma kaka yangu mbio: "Kamwambie huyo kijana apunguze mahindi, inakabwa." Kutoka nyumbani hadi mashineni ni mwendo wa kuvuka bonde.

Alinifundisha kuiwasha nikiwa na miaka 12, jambo ambalo mama hakulipenda. Somo la kwanza halikuhusu injini, lilihusu dole gumba. Ukishika hendeli, dole gumba linalala upande mmoja na vidole vingine, usifumbate chuma. Injini ikirusha nyuma, hendeli iponyoke yenyewe. Ukiwa umeifumbata, inaondoka na mfupa wako. Baba alinikagua mkono kila asubuhi kama mwalimu wa zamu anayekagua kucha.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kwa wauza chuma chakavu kutafuta sumaku. Nafundisha fizikia sekondari, na maabara ya shule yetu ni kabati moja, kwa hiyo nimezoea kuvunja spika mbovu. Nyuma ya gia boksi za Fuso niliona magurudumu mawili ya chuma, nikadhani ni mashine ya kukamulia miwa. Nilipoinama nikaona silinda iliyolala, na juu yake tangi la maji lililo wazi kama birika la mifugo. Lilikuwa na kiota cha panya.

"Hiyo imetoka Chunya," kijana muuzaji aliniambia. "Imekuja na Canter, pamoja na mabati."

Kibao cha jina hakikuwepo. Yalibaki matundu manne tu ya ribiti. Shaba ndiyo hung'olewa kwanza. Lakini habari ya Chunya niliiamini mara moja. Mji huu wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, na dhahabu ya Lupa ndiyo iliyoujaza watu. Miaka ya 1930 kule Lupa kulikuwa na wachimbaji wa kila namna, wenye mitaji na wenye sururu tu. Shimo la dhahabu lina maji ya kuvutwa na mawe ya kupondwa. Mwenye mkono mdogo alihitaji kitu cha kubebeka kwa lori, kinachokunywa petroli, na ambacho kikiharibika porini kinatengenezwa kwa nyundo na tupa.

Niliuziwa kwa kilo, kama viazi. Nilikosea kuonyesha furaha, na bei ya kilo ikapanda pale pale.

"Shikamoo baba," nilimwamkia fundi tulipofika na mkokoteni.

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea jeneza la nani?"

Ilikuwa imekufa kweli. Pistoni ilishikana na silinda kwa kutu. Tuliijaza mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili tukaiacha wiki sita, na kila nilipopita naye alipopita tuliegemeza kipande cha gogo la mkaratusi kwenye pistoni na kukipiga nyundo moja, si kwa nguvu, kwa kuikumbusha tu. Wiki ya sita Jumanne fundi alinipigia simu nikiwa darasani. Nilitoka nje. Hakusema habari za leo. Alisema, "Imesogea."

Ringi zilikuwa zimevunjika. Hazinunuliwi popote, kwa hiyo fundi wa kukereza alitukatia mpya kutoka kwenye laina kuukuu ya lori, lile bomba la ndani ya silinda, maana ni chuma cha kusubu kilekile, kinachoteleza vizuri juu ya ndugu yake. Hilo lilikwenda bila matatizo. Tatizo lililotusumbua lilikuwa dogo kuliko kidole: springi ya valvu ya kuingizia hewa.

Fundi aliibonyeza kwa kidole kimoja, ikabonyea. "Imechoka," alisema, akaweka springi imara ya pikipiki. Tulizungusha injini ile siku nzima. Haikupiga hata mara moja. Jioni, tukiwa tumechoka na kunuka petroli, nilianza kuzungusha flaiwili polepole kwa mkono ili tu nitazame kila kitu kinavyokwenda, na hapo ndipo tulipoona kwamba valvu ile haina kinachoisukuma. Hakuna rodi, hakuna kamshafti upande wake. Pistoni ikirudi nyuma ndiyo inayoinyonya ifunguke. Springi ilikuwa dhaifu kwa sababu ilitakiwa iwe dhaifu: kazi yake ni kuifunga kwa upole tu, isishindane na pumzi. Fundi alirudisha ile ya zamani bila kusema neno, kisha akaenda kunawa mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Kuanzia siku hiyo hakubadilisha kitu kabla ya kukitazama kikifanya kazi. Ndiyo maana lile komeo lilipona, kwa sababu nalo alikuwa ameshapanga kulitoa, akidhani ni kifaa cha usalama alichobandika mwenye mashine.

Komeo ndiyo injini yenyewe. Nitaeleza taratibu, maana hapa ndipo penye utamu.

Mapigo ni manne: kuvuta, kubana, kusukuma, kutoa. Nikolaus Otto aliyafanikisha Ujerumani mwaka 1876, na Toyota yako inayafuata mpaka leo. Tofauti iko kwenye namna ya kutawala mwendo. Kwenye gari lako ukitaka injini ipunguze unaikaba koo: hewa na mafuta vinapungua, lakini inaendelea kupiga kila zamu, vipigo vidogo vidogo. Hii ya kwetu haijui kipigo kidogo. Ina kipigo kimoja tu, kamili, na ikishapiga huangalia kama kuna haja ya kingine.

Inaangalia hivi. Ndani ya flaiwili moja kuna vizito viwili. Mwendo ukizidi vinatanuka kwenda nje, kama sketi ya mchezaji ngoma anapozunguka, na vikitanuka vinasukuma kola, kola inasukuma komeo, komeo linanasa rodi ya valvu ya ekzosi wakati ikiwa imefunguka. Basi. Valvu ya ekzosi inabaki wazi. Pistoni inakwenda na kurudi ikipumua kupitia bomba la moshi, haina nguvu ya kunyonya ile valvu nyingine, kwa hiyo petroli haiingii hata tone, wala cheche haipigwi. Injini nzima inateleza bure kwa uzito wa flaiwili zake. Ile fwu, fwu, fwu ni pumzi yake. Mwendo ukishuka kidogo, vizito vinajikunja, komeo linaachia, tk!, valvu inajifunga, pistoni inavuta, inabana, pa!

Hiyo tk! unaisikia kabla ya pa!, na ukishaizoea huwezi tena kuacha kuisubiri.

Watu wananiuliza ninachokipenda kwenye chuma kile ni nini, na najua wanategemea nijibu habari za zamani. Si zamani. Ninachokipenda ni kwamba naiona ikiamua. Sizungumzii mchoro kwenye ubao. Kipande cha chuma cha urefu wa kiganja kinafika mahali, kinanasa au hakinasi, mbele ya macho yangu, na matokeo yake nayasikia sekunde hiyo hiyo. Nimefundisha miaka mingi vitu ambavyo mwanafunzi lazima aniamini mimi kwanza. Elektroni, kwa mfano. Hapa haniamini mtu. Anachuchumaa tu.

Na msidhani wazo lenyewe limezeeka. Ukishuka Kitonga na gari la kisasa, ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta ya gari hufunga nozeli zote. Hakuna tone linaloingia. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini mpaka mwendo ushuke. Gari lako linamisi kwa makusudi mteremko mzima, kwa hekima ileile ya komeo, ila wewe umekaa na kiyoyozi hujui. Nilipomwambia fundi hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata hao wa kompyuta lazima kuna babu yao mmoja aliyeshika tupa.

Kilichobaki kilikuwa cheche, na hapa tuligombana. Injini hii haina plagi. Ndani ya silinda kuna vikono viwili vya chuma vinavyogusana, kimoja kimetengwa na mwili wa injini kwa mika, madini yasiyopitisha umeme, na wakati wa kuwasha ukifika kimoja kinabanduliwa ghafla kutoka kwa mwenzake. Cheche inatokea pale pale wanapoachana. Fundi alitaka tutoboe, tufunge plagi na koili ya bodaboda, tumalize. Nilikataa. Cheche ya namna ile ni mada yangu ya kidato cha nne: mkondo wa umeme ukikatwa ghafla ndani ya koili, koili inaukatalia, na ukaidi wake ndio unaoruka hewani. Siwezi kuletewa mada mlangoni nikaitoboa.

Kwa hiyo tukatengeneza koili wenyewe. Kiini chake kinatakiwa kiwe chuma laini kilichogawanywa nyaya nyembamba, na waya wa kufungia nondo, ule unaouzwa kwa kilo kila duka la vifaa vya ujenzi, ni chuma laini kabisa. Wanafunzi walikata vipande, tukavifunga fungu moja nene kama mwiko wa ugali. Fundi wa kusuka mota alituzungushia juu yake waya mnene wa shaba uliotoka kwenye mota iliyoungua. Betri ilikuwa ya pikipiki, volti 12. Tulipogusisha ncha mbili na kuziachanisha, cheche ilitoka nono, ya njano, na darasa zima likarudi nyuma hatua moja. Sijawahi kufundisha somo hilo vizuri namna ile kwa chaki.

Siku ya kuwasha kijana wa fundi ndiye aliyeshika hendeli. Nilimwambia habari ya dole gumba. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama vijana wanavyomtikisia kichwa mwalimu, akaifumbata. Cheche ilikuja mapema mno, injini ikarusha nyuma. Mfupa haukuvunjika, lakini kwa wiki mbili kijana alikuwa anakula kwa kushoto akiwaomba watu radhi. Tulichelewesha cheche kidogo. Mara ya pili nilishika mimi.

Pa!

Halafu kimya kile, na flaiwili zinakwenda. Kila mtu uani aligeuka kunitazama kama nimeizima. Pa!

Kuipoza ni jambo la kijinga na la kuvutia. Hakuna rejeta, hakuna feni, hakuna pampu. Maji yamekaa wazi kuzunguka silinda, yanachemka, mvuke unaondoka na joto, wewe unaongeza ndoo. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka karibu nyuzi 94, hayangoji 100, na injini nayo inapozwa chini kidogo kuliko ingekuwa Dar es Salaam. Inalipia kwa upande mwingine: hewa yetu ni nyepesi, kila inachovuta ni pungufu karibu moja ya sita, na nguvu inapungua hivyo hivyo. Wanafunzi walitumbukiza mayai kwenye tangi. Yaliiva. Fundi alikataa katakata kula yai lililochemshwa na injini, na sikumlaumu, kwa sababu lilikuwa na ladha ya msumari.

Niliwapa kazi ya kuhesabu mizunguko kati ya pa! na pa!, injini ikiwa haina mzigo, kisha tukiwa tumeifunga mkanda wa mashine ya kupukuchua mahindi. Nilitaka waone kwamba mzigo ukiongezeka mapumziko yanapungua, hadi inapiga kila zamu. Waliliona. Lakini msichana mmoja wa kidato cha tatu alinijia na daftari lake, amekunja uso. Sita, nane, sita, nane, kumi, sita. "Mwalimu, mbona hakuna namba witiri?" Nilitaka kumwambia ahesabu upya. Kisha nikakaa chini. Mapigo manne ni mizunguko miwili; haiwezi kupiga isipokuwa kwenye shufwa, hata ingetaka. Nilikuwa na ile injini miezi mitano na sikuwa nimeliona.

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu kuna watu wakisikia hadithi za mashine za zamani wanaanza kusema zamani kulikuwa na vitu. Kulikuwa pia na mikanda isiyo na kinga iliyokamata khanga za watu. Injini hii ni nzito kwa nguvu inayotoa, ina kiu, na mwendo wake una mikwaruzo: ukifunga dainamo ndogo, balbu inapepesa kwa kila pa!, ndiyo maana waliotaka taa walinunua injini za kukaba koo. Mama yangu alibeba madebe ya mahindi kwa miguu kabla baba hajanunua mashine, na hajawahi hata siku moja kuzungumzia miaka hiyo kwa kuitamani.

Waliozitumia sana, Wamarekani wa mashambani, waliziacha haraka tu. Kuanzia miaka ya 1890 hadi ya 1930 zilienea mashambani kwao: kupampu maji, kupasua kuni, kupukuchua. John Deere, wa matrekta haya ya kijani mnayoyajua, alitengeneza ya kwake, Type E, kutoka 1923 hadi 1946, yenye nguvu farasi moja na nusu, 3 au 6. Lakini mwaka 1935 serikali yao iliunda shirika la kupeleka umeme vijijini, wakati ambapo shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa na umeme. Kifupi cha jina la shirika lile kilikuwa REA. Nililisoma mara mbili. REA yetu, Wakala wa Nishati Vijijini, imetokana na sheria ya mwaka 2005, ikaanza kazi 2007, na iliua mashine za dizeli za milimani kwetu kwa njia ileile: nguzo, transfoma, mota ya umeme, swichi. Wenzetu walipoingia Vita vya Pili vya Dunia injini nyingi zilikokotwa kwenda kuyeyushwa. Zilizofichika ghalani ndizo watu wanazokusanya leo. Kuna jumba zima la makumbusho yake Coolspring, Pennsylvania. Kwenye maonyesho yao wanazifunga mkanda kwenye pipa la kutengenezea aiskrimu, na wanashindana ya nani inakwenda polepole zaidi bila kuzima. Hilo la polepole nimelielewa. La aiskrimu bado nalitafakari, na baridi hii ya Mbeya.

Kwetu Kilolo umeme ulipofika, baba alifunga mota mwaka uleule. Si mtu wa kulilia chuma. Dizeli iko bado nyuma ya kibanda, kuku wanataga chini yake. Mota haihitaji dole gumba, wala haitangazi kitu. Siku hizi akina mama wanapiga simu kuuliza kama kuna umeme.

Desemba iliyopita kaka alimleta Mbeya kutibiwa macho. Masikio yalishakwenda siku nyingi. Miaka 30 karibu na bomba lile, na hakuna aliyewahi kutuambia tuzibe hata kwa pamba. Ukitaka kuzungumza naye unakaa mbele yake, unasema taratibu, na yeye anajibu kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

Nilimpeleka kwa fundi. "Kamwene!" alimpigia kelele fundi. "Ndaga, mzee mwenzangu," fundi akajibu kwa kelele vilevile, nao wakashikana mikono kwa muda mrefu, kila mmoja akipima sugu za mwenzake.

Niliwasha. Pa! Baba hakushtuka. Alikuwa anatazama flaiwili, na nilipoona zinateleza kimyakimya nikajua anadhani imezima, kwa sababu alianza kuninyooshea hendeli. Nilimshika mkono nikaulaza juu ya ubao ambao injini imefungwa.

Pa!

Aliuondoa mkono. Akautazama. Akaurudisha.

Midomo yake ilianza kutembea bila sauti. "Sita," alisema, na jirani zote wakasikia. "Sita. Nane." Akasubiri. "Nane." Kisha akanigeukia na uso wa mtu anayemsema kijana wa mashine: "Haijala!"

Kabla sijapata la kumjibu alikuwa ameokota gunia, akalikunja mara mbili, na kulibana kwenye ukingo wa flaiwili. Fundi aliruka kutoka kwenye ndoo yake. Mimi niliangalia dole gumba. Lilikuwa limelala upande mmoja na vidole vingine. Baba alibana taratibu, gunia likaanza kutoa moshi mwembamba, na injini ikajibu: pa, fwu, fwu, pa, fwu, pa, pa, pa, pa, bila pumziko.

"Inakula," alisema.

Akaachia gunia, akarudisha kiganja kwenye ubao, akasubiri.